Mlango Waliopanulia Jeneza Langu

Kabla sijasema lolote, niangalieni. Msione haya, niangalieni vizuri, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Mguu wa kulia unaburuta kidogo. Mkono wa kulia nimeutia mfukoni, umetulia kama mtoto aliyekatazwa kuongea. Mkono wa kushoto umeshika fremu ya kutembelea. Lakini nimesimama na hakuna aliyenishika. Mwenyekiti ameniwekea kiti hapa nyuma, namshukuru, nitakikalia nikichoka. Bado.

Nimeambiwa leo wapo kati yenu ambao wagonjwa wao wanatoka hospitali ya mazoezi ya viungo wiki hii na wiki ijayo. Ni nyinyi hasa nimekuja kuongea nanyi. Hawa wengine wa kikundi chetu cha waliopooza wamenisikia nikilalamika mpaka wamechoka.

Mimi nakaa Ziwani. Niliingia pale nikiwa mke mchanga, mume wangu akiwa mfanyakazi wa kanjo, baraza la jiji, na nyumba ile ndimo nilimozalia, ndimo nilimofiwa. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Nina watoto wawili hapa Nairobi. Majina sitataja, hata mkinipigia makofi. Mmoja ni kijana, kifungua mimba wangu. Mwingine ni binti, ameolewa, anakaa mtaa wa Tena.

Kijana nilimsomesha kwa samaki. Nilikaanga samaki nje ya nyumba miaka mingi mpaka nywele zangu zikanuka mafuta hata siku ya Jumapili, naye akasoma mpaka akavaa lile joho jeusi. Nilijivuna. Wacha niseme ukweli, nilijivuna mpaka watu wakachoka nami. Kwenye bomba la maji, kanisani, kwenye foleni ya kliniki: kijana wangu, kijana wangu. Binti yangu alipoleta mchumba ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma, mageti na madirisha, niliuliza mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Ndiye huyu? Macho yameshaungua hivi, watoto atawaona na nini?" Watu walicheka. Yeye aliinamisha kichwa.

Na tangu alipomuoa sikuongea naye tena. Hapo si jeuri. Sisi kwetu Magharibi mwa Kenya mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hatushikani mkono, hatukai chumba kimoja, nikimwona anakuja upande huu mimi napita upande ule. Najua watoto wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao kama marafiki wa shule. Shauri yao. Mimi nimelelewa hivyo na nitazikwa hivyo.

Basi asubuhi moja niligeuza samaki, na mwiko ukaanguka. Nikainama kuuokota, mkono ukakataa. Nikataka kuita jirani, mdomo ukaenda pembeni. Kiharusi. Nilipozinduka nilikuwa hospitali, na upande wote wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyelala juu yangu.

Wiki za kwanza sizikumbuki. Nimeambiwa madaktari waliwaita watoto wangu pembeni wakawaambia wajiandae. Neno hilo, wajiandae, liwekeni akilini. Lakini sikufa. Nikahamishiwa hospitali ya mazoezi, nikakaa miezi mitatu.

Huko kulikuwa na daktari wa mazoezi, mwanamke mfupi, sauti kama ya mwalimu wa paredi, ananiita Shosho, yaani nyanya. "Shosho, simama!" Siwezi. "Sikuuliza kama unaweza, nimesema simama!" Nilimtukana kwa lugha yetu, akacheka, kumbe anaijua. Huyo ndiye aliyenifundisha kukaa kitandani bila kuanguka, kisha kusimama, kisha hatua moja, kisha ishirini. Siku ya hatua ishirini nililia, naye akanigeuzia mgongo ili asionekane analia.

Sasa hapa, ndugu zangu, nakiri kosa langu kabla ya kutaja la wengine. Aliniuliza, "Nyumbani kuna ngazi?" Nikasema hakuna. "Choo ni cha kukalia?" Nikasema cha kukalia, cheupe. Uongo mtupu. Kwangu kuna ngazi tatu mlangoni, na choo kiko uani, cha kuchuchumaa, mlango wake mwembamba hata mtu mnene anaingia kwa ubavu. Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu mama wa kitanda cha pili alitoka kwenye nyumba ya vigae na alikuwa ametega sikio. Basi. Kwa ajili ya sikio la mtu nisiyemjua, daktari akanifundisha kutembea kwenye sakafu sawa tu, na ngazi hakunigusisha hata moja.

Lakini yule mwanamke hakuwa mjinga. Alisema hanitoi mpaka mtu wa nyumbani aje aelezwe. Kijana wangu akaja, amevaa shati la kazi, ananukia. Daktari akamkalisha, akamwandikia karatasi: mlango wa kupita fremu, chuma cha kushika chooni, kiti cha juu cha choo, kitanda kisiwe chini wala juu sana, mikeka yote itolewe sakafuni, kizingiti kisawazishwe, mgonjwa asivutwe mkono. Karatasi mbili, moja yake, moja yangu. Mimi yangu niliikunja nikaitia kwenye mkoba, kwa sababu kusoma maneno ya daktari ni kazi kwangu. Kijana akasema, "Mama, usijali. Niachie mimi."

Nikamwachia. Ningefanya nini? Ndiye aliyesoma.

Kila alipokuja kuniona nilimuuliza, "Nyumba je?" Ananiambia, "Inaendelea, Mama." Wiki nyingine: "Fundi ameshaanza mlango, anaupanua." Wiki nyingine: "Tumechimba choo kipya." Nilifurahi jamani! Niliwaambia wauguzi. Nilimwambia yule mama wa vigae. Nilisema, "Mwanangu anabomoa nyumba kwa ajili yangu." Usiku nilikuwa nafanya yale mazoezi ya mguu chini ya blanketi, nikihesabu hatua za kutoka kitandani kwangu mpaka kwenye mlango mpana nisiouona.

Siku ya kutoka ikafika. Kijana akaja na gari. Tulikuwa tumekaa barazani tukisubiri dawa, nikamwambia, "Hebu nionyeshe picha nianze kuzoea." Akasita. Akatoa simu.

Picha ya kwanza, mlango. Mpana kweli, simiti mbichi pembeni. Lakini ukuta ni wa matofali ya udongo. Nyuma yake naona mti wa parachichi.

"Hii ni nyumbani," nikasema. "Hii ni kijijini."

"Ndiyo, Mama. Huko kuna hewa nzuri. Utapumzika."

"Na Ziwani?"

"Mama, tuongee tukiwa njiani."

"Lete hiyo simu."

Nikaendelea kutazama. Sasa nyinyi vijana labda msingeona kitu. Mimi nimepika kwenye matanga tangu nina miaka kumi na tatu. Najua boma linavyotengenezwa watu wakijua msiba unakuja. Mlango uliopanuliwa ulikuwa wa sebule, ule wa mbele. Si wa chumba cha kulala, si wa choo. Sebule yenyewe imetolewa kila kitu, iko tupu katikati. Ua umesawazishwa, majani yamefyekwa, ile sehemu ya kupigia turubai. Seng'enge imekatwa upande wa barabara, gari kubwa liweze kuingia. Na choo kipya, hicho alichonisifia, kilikuwa na milango miwili, cha kuchuchumaa, nyuma ya migomba, mbali na nyumba. Nani anamchimbia mtu asiyeweza kuchuchumaa choo cha kuchuchumaa? Kile kilikuwa cha waombolezaji. Wanaume upande huu, wanawake upande ule.

Nikamuuliza polepole, "Huu mlango mliupanua upite nini?"

Akaanza kukusanya mifuko yangu.

"Nakuuliza wewe niliyekubeba. Upite nini?"

"Mama, tuliambiwa tujiandae."

"Mliambiwa mwezi wa kwanza! Huu mlango una simiti mbichi! Wiki ile uliyoniambia fundi ameanza mlango, mimi nilikuwa nimetembea hatua ishirini. Ulikuwepo. Ulinipigia makofi!"

"Wazee walikuwa wameshapanga, Mama. Mambo yakishapangwa..."

"Yakishapangwa, mgonjwa akikataa kufa anaharibu ratiba?"

Ndugu zangu, nimefiwa na mume. Nimezika watoto. Lakini sijawahi kusikia baridi kama ile. Mtu uliyemnyonyesha anakupigia makofi kwa mikono miwili, halafu anashika simu kwa mikono hiyohiyo kumwambia fundi apanue mlango upitishe jeneza lako. Wala si kwamba alinitakia kifo. Hilo nalijua. Lakini kila nilipopiga hatua kuja, wao walipiga hatua kunisindikiza.

Nikasema, "Nipeleke Ziwani."

"Mama, Ziwani hakuna kitu."

"Hakuna kitu aje?"

Akaniingiza garini. Nilijionea mwenyewe. Tulipofika, zile ngazi tatu zikanikodolea macho. Sikujua nianze na mguu upi. Kijana akaniinua kama gunia la viazi, miguu inaning'inia, koti limepanda, majirani wamejaa milangoni wakisema pole mama, pole mama. Mimi, niliyewaambia wote kwamba kijana wangu, kijana wangu. Akafungua mlango.

Nyumba tupu. Kitanda changu hakipo. Meza hakuna. Viti vyangu kumi na viwili, vya mbao, vile nilivyonunua kimoja kimoja, havipo. Vilikuwa vimetangulia kijijini kunisubiri. Watu watakaa juu ya nini siku ile? Kilichobaki ni jiko, sufuria, debe na kalenda ukutani.

"Ukikubali kwenda nyumbani, nipigie," akasema. Akaniketisha juu ya debe lililogeuzwa, akaondoka. Mimi nilikaa juu ya debe lile mpaka binti yangu akatoka kazini akaja na godoro.

Niwaambie habari ya godoro la chini, kwa sababu najua baadhi yenu ndilo mmepanga. Mtu mwenye upande mmoja akilazwa chini hawezi kuinuka. Ni hivyo tu. Siku za mwanzo binti aliniinua asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi. Mchana kutwa nilikuwa pale chini, na beseni. Jirani alikuwa anachungulia kunipa chai, nami najifanya nimelala asinione nikishindwa kuinuka. Miezi mitatu ya yule daktari ikaanza kunitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wiki ya pili, mguu ukaanza kukaza. Nikamwambia binti, "Mpigie kaka yako. Nitakwenda huko walikonitengenezea."

Binti yangu ni mpole, lakini siku hiyo alinitazama nikaona uso wangu mimi mwenyewe. Akasema, "Mama, hiyo karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya daktari. Nasikia uliandikiwa."

Ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa vilevile. Akanisomea, mstari kwa mstari. Alipomaliza akasema, "Hapa hakuna kitu kigumu. Ni vyuma na simiti. Nina mtu wa vyuma nyumbani."

"Yule?" nikasema.

"Mama. Una mwingine?"

Sikuwa na mwingine.

Akaja Jumamosi. Sikumwona, nilimsikia, sauti ya vyuma vikishushwa nje. Sasa fikirieni tatizo letu. Fundi anatakiwa apime mwili wa mtu, ajue mkono unafika wapi, goti liko wapi. Na mtu mwenyewe ni mama mkwe wake, hafai hata kumtazama. Akasimama nje akiupa mlango mgongo, akampa binti kamba ya katani. Binti akanisimamisha akiniegemeza ukutani, akapima kutoka sakafuni mpaka kiunoni, akafunga fundo. Akanikalisha kwenye debe, akapima mpaka gotini, akafunga fundo. Mpaka kiwiko, fundo. Akaipeleka kamba nje. Nikamsikia anauliza, "Hili la pili ni goti au kiwiko?" Binti anamwambia, "Wewe, mama yangu si ngamia. La chini ni goti." Nikacheka. Kicheko changu cha kwanza tangu nitoke hospitali, nikakificha kwenye leso.

Kwa kamba ile alitengeneza kila kitu. Kitanda cha chuma, kimo cha goti. Kiti cha choo, chuma mraba na tundu katikati, kinakaa juu ya lile shimo letu la kuchuchumaa, hakuna cha kuchimba wala kubomoa. Mlango wa choo aliung'oa kabisa akaweka pazia, kwa sababu ukuta ule ni mwembamba ukiupanua unaanguka. Na chuma cha kushika, amekipaka rangi ya kijani, kimelainishwa kama mpini wa jembe la zamani. Kizuri! Akakifunga ukutani upande wa kulia.

Mmecheka nyinyi mnaojua. Upande wa kulia. Mkono wangu uliokufa ni upi? Lakini yeye angejuaje? Hajawahi kuniangalia. Hajawahi kuuliza habari za mwili wangu, heshima haimruhusu. Watu wengi ni wa mkono wa kulia, basi akaweka kulia. Na binti yangu alifurahia rangi akasahau.

Siku ya pili baada ya kufunga chuma, binti alikwenda dukani. Mkwe alikuwa mbele ya nyumba anakoroga simiti ya kufanya mteremko pale kwenye ngazi. Mimi nikasema, leo naenda chooni peke yangu. Nikashika fremu, nikatokea mlango wa uani usio na ngazi, nikaingia chooni, nikageuka. Nikataka kukaa, mkono wa kushoto ukaacha fremu ukatafuta chuma. Hakipo. Kiko upande ule. Mkono wa kulia ukaenda kukishika kama mtu anayeota. Ukateleza.

Nilianguka kati ya kile kiti na ukuta. Fremu ikaniangukia. Nguo ilikuwa imepanda. Nikasikia koleo limenyamaza huko nje.

"Mama?" Sauti yake, kutoka kwenye mlango wa ua. "Mama, umeumia?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia neno. Nikapiga kelele, "Kaa huko huko!"

"Niko huku huku."

"Usiingie!"

"Siingii, Mama. Nikiingia nitakuvunjia heshima. Lakini siondoki pia."

Tukabaki hivyo, mimi chini, yeye nje. Majirani walikuwa kazini. Nikavuta leso kwa mkono mzima, nikajifunika. Akauliza, "Mama, ni mkono upi unaokusikia?"

"Wa kushoto."

"Na mimi nimeweka chuma kulia."

"Umeweka kulia."

"Nisamehe, Mama."

Mimi nilikuwa naumia nyonga, na bado nikacheka. Nikamwambia, "Nilisema macho yako yameungua." Naye akacheka huko nje, kidogo tu. Halafu nikasikia kitu kizito kinaburutwa. Lilikuwa benchi lake la kukatia vyuma, la chuma tupu, fupi, zito kama ng'ombe. Alikuwa amevuta kofia mpaka puani, anarudi kinyumenyume, analisukuma kwa kisigino, kidogo, kidogo, analigonga pazia, analigonga ukuta. "Limefika, Mama?" Bado. "Sasa?" Bado kidogo, kushoto. "Sasa?" Limefika. Akakaa juu ya ncha yake ya nje, mgongo kwangu, ili lisitikisike.

"Mimi sikuvuti," akasema. "Mke wangu alinisomea ile karatasi. Imeandikwa mgonjwa asivutwe mkono. Wewe inuka. Benchi haliendi popote."

Inuka! Nikamsikia yule daktari wangu mfupi: sikuuliza kama unaweza. Nikajigeuza upande, kama alivyonifundisha. Nikaweka kiwiko juu ya benchi. Nikaleta goti. Goti likakataa. Nikapumzika. Nikaleta tena. Sijui ilichukua muda gani, simiti yake ilianza kuganda kwenye karai. Nikapiga magoti. Nikaweka mguu mzima mbele. Nikasukuma, nikazunguka, nikakaa. Juu ya benchi moja na mkwe wangu, yeye anatazama bomba la maji, mimi natazama ukuta.

Nikasema, "Nimekaa."

Akasema, "Nimesikia." Akainuka, akaondoka bila kugeuka, akaenda kukoroga simiti nyingine.

Pale ndipo nilipobadilika, jamani. Nilikaa juu ya chuma kile nikajua siendi kijijini. Nimeanguka na nimeinuka ndani ya nyumba yangu. Aliyenitengenezea mlango wa kutokea atasubiri. Jioni ile chuma kilihamishwa, kikawa kushoto. Kesho yake nilikwenda chooni peke yangu na nikarudi peke yangu, nikamwambia jirani kwa sauti kubwa kama mtu aliyetoka ng'ambo.

Kijana wangu alikuja baada ya miezi miwili. Alinikuta nje, juu ya mteremko, nimeshika fremu naota jua.

"Mama, umepona!"

"Sijapona. Nimesimama. Viti vyangu viko wapi?"

Akakaa kwenye ukingo wa simiti, na hilo shati lake. Nikadhani atajitetea kisomi. Akasema, "Mama, niliogopa. Ile karatasi niliisoma mara nyingi, nikaona sijui nianzie wapi. Kuandaa matanga najua. Ukisema msiba, kila mtu anajua kazi yake, huyu turubai, huyu kuni. Ukisema mama anarudi mzima nusu, hakuna aliyekuja."

Maneno yalikuwa ya kweli, na bado yaliniuma. Mtanisamehe nyinyi wa kanisa, mimi sijamsamehe yote. Kuna siku nakula chakula alicholeta na kinanikwama hapa. Viti vimerudi vinane, vinne amebaki navyo mjomba wake. Kitanda cha mbao nimekikataa, nalala juu ya cha chuma. Anakuja kila Jumapili, anabisha hodi, nami namwambia ingia. Hapo ndipo tumefika. Tukifika mbele nitawaambia.

Sasa nyinyi wenye wagonjwa, sikieni. Mgonjwa akiugua sana sisi tunajua kukusanyika. Akikataa kufa tunatawanyika. Msitawanyike. Daktari akiwauliza kuhusu nyumba, semeni ukweli, hata kama kitanda cha pili kimetega sikio. Ulizeni mgonjwa mwenyewe anataka kurudi wapi. Ulizeni mkono mzima ni upi kabla hamjatoboa ukuta. Na kabla hajafika, ingia chooni kwake, kaa chini, jifunge mkono mmoja, ujaribu kuinuka. Ukishindwa wewe mwenye miguu miwili, usimlete mtu pale.

Namshukuru Mungu, aliyewanyima matanga. Namshukuru yule daktari mfupi, popote alipo anampigia mtu kelele. Nawashukuru nyinyi wa kikundi, mliokuja Ziwani mkakaa juu ya ndoo na madebe kama ni viti vya heshima. Namshukuru binti yangu, yuko pale nyuma, usifiche uso. Na wewe binti, nina ujumbe. Mume wako leo amebaki nje ya ukumbi huu kwa sababu mimi niko ndani. Siwezi kumwambia uso kwa uso, na sitaanza leo. Toka umwambie mama amesimama mbele ya watu akasema, yale maneno aliyoyasema siku ya posa ameyameza, na yalikuwa machungu, na ameyamaliza.

Haya. Sasa nakaa. Hapana, msinishike, kiti nakiona. Anayefuata asimame, na kama hawezi kusimama azungumze akiwa amekaa. Hapa hatushindani.